Kuku wa Kikaango kwa Rojo la Ukwaju: Chakula Kimoja kwa Nyumba Nzima

Katika safu yetu ya leo tutaingia jikoni. Tutapika kuku wa kikaango kwa rojo zito la tungule na ukwaju, chakula cha usiku kinachotosha watu sita. Lakini kabla ya kuwasha jiko, kwanza tuangalie kwa nini somo hili lina umuhimu katika nyumba zetu.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Mji Mkongwe, tuseme mitaa ya Malindi. Baba wa nyumba ana maradhi ya shindikizo la damu, na daktari amemwambia apunguze chumvi na mafuta. Mama naye amepimwa na kuambiwa sukari yake imeanza kupanda. Watoto hawana maradhi yoyote, alhamdulillah, na wanapenda kuku wa kukaanga aliyeelea kwenye mafuta. Basi kila jioni hupikwa vyungu viwili. Kimoja cha watoto, chenye harufu inayofika mpaka kwa jirani. Cha pili ni cha baba: kuku mweupe wa kuchemsha, hana chumvi, hana kiungo, amekaa kwenye bakuli kama mgonjwa aliyelazwa wodini.

Baba huvumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili huomba kipande kimoja tu cha watoto. Wiki ya tatu, baada ya sala ya Isha, hutoka "kunyoosha miguu" na miguu ikampeleka moja kwa moja Forodhani kwenye mishkaki. Mwisho wake masharti yote huachwa, na pengine hata vidonge vya presha huachwa pamoja nayo. Siku moja mkono hupooza na mdomo hupinda. Hicho ndicho kiharusi, na nyumba nzima huingia katika mtihani.

Tukio kama hili hulaumiwa mzee, kwamba hana subira. Ukweli ni kwamba chakula kinachomtenga mtu na familia yake hakidumu. Dawa ya jambo hili ni kupika chungu kimoja ambacho mgonjwa anaweza kukila kwa salama na mzima akakila kwa raha. Na hilo linawezekana, kwani mgonjwa wa presha hakukatazwa ladha. Alichokatazwa ni kuitafuta ladha hiyo kwenye chumvi na mafuta peke yake.

TATIZO SI KUKU

Nyama ya kuku ni chakula kizuri. Ina protini nyingi zinazojenga mwili, na mafuta yake mengi yamekaa kwenye ngozi na chini ya ngozi. Ukishaitoa ngozi, umeondoa sehemu kubwa ya mafuta hayo kabla hujawasha jiko.

Tatizo huanza katika mambo matatu. La kwanza ni kukaanga kwa mafuta mengi. Gramu moja ya mafuta humpa mtu kalori 9, wakati gramu moja ya protini au wanga hutoa kalori 4 tu. Kuku anapozamishwa kwenye karai la mafuta, ngozi na unga aliopakwa hufyonza mafuta hayo. Na mafuta yenyewe mara nyingi ni ya juzi na jana, yamegeuka rangi na yanatoa povu.

La pili ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Hesabu hiyo inaingiza chumvi ya mkate wa asubuhi, ya wali, ya mchuzi na ya kachumbari. Tazama sasa vidonge vya supu tunavyotia kwenye mchuzi. Karibu nusu ya kidonge, au zaidi, ni chumvi. Mpishi hutia vidonge viwili, kisha huonja na kuongeza chumvi "ya kukoleza".

La tatu ni uchafu, na hili linawahusu wagonjwa na wazima sawasawa. Kuku mbichi anaweza kubeba vijidudu aina ya salmonela na kampilobakta, ambavyo huleta homa, kutapika na kuharisha. Kwa mtoto mchanga, mzee au mama mjamzito, kuharisha huko kunaweza kuwa jambo kubwa.

KUMCHAGUA NA KUMCHINJA

Kuku utampata soko la Darajani, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1904, au Mwanakwerekwe, au kwa jirani yako wa shamba. Ukinunua kuku hai, chagua mwenye macho maangavu, pua kavu, manyoya yaliyolala vizuri na anayesimama imara. Kuku anayesinzia, aliyeshusha mbawa au mwenye kinyesi kilichoganda nyuma, muache hata kama bei imeshuka. Na asije mtu akakuuzia kuku aliyekufa mwenyewe. Huyo ni mzoga, ni haramu, na kiafya pia ni hatari.

Baada ya kuchinja kwa mujibu wa sharia, muache kuku atoke damu yake yote mpaka atulie kabisa. Damu inayomwagika imeharamishwa, kama tunavyosoma katika Suratul-An'am, aya ya 145, na kwa upande wa afya damu ni mahali ambapo vijidudu huzaana haraka. Kwa hiyo, kabla ya kumtia kwenye maji ya moto ili kumnyonyoa, mwagie maji shingoni kwanza ili damu iondoke. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto lakini yasiwe yanatokota, na kuku asikae humo zaidi ya dakika moja. Akikaa sana ngozi huiva na kuchanika, na uchafu huingia ndani ya nyama.

Wakati wa kumpasua, toa matumbo taratibu bila kuyatoboa, na uangalie nyongo isipasuke. Kinyesi kikimwagika juu ya nyama, sehemu hiyo ikatwe na kutupwa. Manyoya na matumbo yafukiwe au yatiwe kwenye mfuko na kufikishwa jaani. Yasiachwe uchochoroni yakawa karamu ya paka, nzi na kunguru.

JE, KUKU MBICHI AOSHWE?

Suali hili limewachanganya wengi. Wataalamu wa afya wa nchi za Magharibi wanasema kuku mbichi asioshwe kabisa. Sisi kwetu, mwanamke akisikia hivyo hushika kichwa! Hebu tuelewe sababu yao. Kuku anayewekwa chini ya bomba lenye nguvu hurusha matone madogo yenye vijidudu. Matone hayo huangukia sahani safi, kachumbari, kanga ya mpishi na hata chupa ya mtoto iliyo pembeni. Wenzetu hao hununua kuku aliyekwisha kusafishwa kiwandani, basi kwao kumuosha tena ni hasara bila faida.

Kuku aliyechinjwa nyumbani ana damu, manyoya na uchafu ambao lazima utoke. Kwa hiyo hukumu ya jikoni ni hii: muoshe, lakini muoshe kwa adabu. Tumia beseni maalumu. Mtie kuku ndani ya maji taratibu, msugue chini ya maji, mwaga maji polepole, rudia mpaka maji yatoke safi. Usimuoshe kwa bomba lililofunguliwa kwa nguvu, na usimuoshe karibu na chakula kilichoiva. Ukimaliza, osha beseni, sinki na mikono yako kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kuku wa paketi aliyesafishwa tayari mpanguse tu kwa karatasi safi ya jikoni.

Na ieleweke kuwa ndimu na siki huondoa shombo na huleta ladha, lakini haziui vijidudu vyote. Kinachoua vijidudu ni moto.

Jambo jingine ni kisu na ubao. Uwe na mbao mbili, mmoja wa nyama mbichi na mwingine wa mboga na mkate. Kama una mmoja tu, kata mboga kwanza, kisha nyama, kisha uoshe kwa sabuni. Wengi wanaoharisha baada ya kula kuku, huenda kuku wenyewe aliiva vizuri. Kilichowadhuru ni kachumbari iliyokatwa juu ya ubao ule ule.

KUKU WA BARAFU

Siku hizi nyumba nyingi hununua kuku wa barafu kutoka nje ya nchi. Kwanza hakikisha alama ya halali na tarehe ya mwisho wa matumizi. Pili, tazama mfuko. Ukiona maji mekundu yameganda chini ya paketi, au vipande vimegandana kuwa donge moja, jua kuwa huenda kuku huyo aliyeyuka kisha akagandishwa tena. Mrudishie mwenyewe.

Kuku wa barafu hayeyushwi kwa kuwekwa dirishani toka asubuhi. Nje ya nyama huwa imepata joto na vijidudu vinazaana, na ndani bado ni jiwe. Mtoe kwenye friza usiku, umuweke sehemu ya chini ya friji ndani ya bakuli mpaka kesho yake. Kama una haraka, muache ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, mzamishe kwenye maji baridi, na ubadilishe maji hayo kila baada ya dakika 30.

Na je, umeme ukikatika? Wakaazi wa Unguja hawahitaji kukumbushwa. Mei 2008 waya wa baharini unaoleta umeme Fumba kutoka Tanzania Bara uliharibika na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 yakatokea mengine, takriban miezi mitatu. Waya mpya mkubwa zaidi ulizinduliwa mwaka 2013, lakini katiko la saa kadhaa bado linaweza kutokea mahali popote. Kanuni ni hii: friji isiyofunguliwa mlango huhifadhi chakula kwa muda wa saa 4 hivi. Friza iliyojaa huhifadhi kwa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Kuku aliyeyeyuka lakini bado ni baridi kama wa friji, mpike siku hiyo hiyo. Aliyekwisha kupata joto kwa zaidi ya saa 2, mtupe. Inauma, lakini gharama ya hospitali inauma zaidi.

CHOMBO NA MOTO

Tafuta kikaango kipana chenye kitako kizito na mfuniko wake. Kizito hugawa moto sawasawa, hivyo kuku hageuki rangi kwa mafuta mengi bali kwa moto mzuri. Kwa kuwa rojo letu lina ukwaju na tungule, vitu vyenye ukali, jihadhari na vyombo vya aluminiamu vilivyosubiwa kwa vyuma chakavu. Uchunguzi uliofanywa Kameruni na nchi nyengine umekuta kwamba baadhi ya vyombo vya aina hiyo hutoa madini ya risasi ndani ya chakula, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Chombo cha chuma cha pua au cha enameli isiyobanduka ni salama zaidi. Na chakula kikishaiva, usikilaze ndani ya sufuria mpaka asubuhi.

Anayepikia mkaa katika nyumba zetu za ghorofa afungue madirisha. Moshi na hewa ya sumu ya mkaa, ambayo haina harufu wala rangi, huweza kumlevya mtu na hata kumuua ndani ya chumba kilichofungwa.

VINAVYOHITAJIKA (WATU 6)

- Kuku 1 wa kilo 1 na robo hivi, aliyetolewa ngozi, akatwe vipande 8 mpaka 10
- Ndimu 2
- Thomu punje 6 na tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba, vitwangwe pamoja
- Binzari nyembamba iliyosagwa, kijiko 1 cha chai
- Manjano, nusu kijiko cha chai
- Pilipili manga iliyosagwa, nusu kijiko cha chai
- Mdalasini, kijiti kimoja kidogo
- Vitunguu maji 2 vikubwa, vikatwe vyembamba
- Tungule 4 zilizoiva sana, zikunwe
- Pilipili boga 1, ikatwe vipande
- Ukwaju, donge kiasi cha ndimu moja
- Mafuta ya kupikia ya maji, vijiko 2 vya kulia
- Chumvi, robo tatu ya kijiko cha chai kwa chungu kizima
- Kotmiri, kifungu kimoja
- Pilipili mbichi nzima 1, kwa wapendao

Usitie kidonge cha supu. Na chumvi ipime kwa kijiko, usiimwage kwa mkono. Robo tatu ya kijiko cha chai ni kama gramu 4. Ukigawa kwa watu sita, kila mmoja anapata chini ya gramu moja.

NAMNA YA KUPIKA

1. Osha mikono kwa sabuni. Changanya maji ya ndimu moja, nusu ya thomu na tangawizi, binzari, manjano, pilipili manga na nusu ya ile chumvi uliyoipima. Mpake kuku, mfunike, muweke kwenye friji kwa saa moja. Asiye na friji amuache dakika 20 tu, kisha ampike. Kumuacha kuku mbichi kwenye joto la Unguja tangu adhuhuri mpaka magharibi si kumkoleza, ni kumharibu.

2. Roweka ukwaju kwenye nusu kikombe cha maji ya moto yaliyokwisha kuchemka. Baada ya dakika 15, uvuruge na kuuchuja, utupe kokwa na nyuzi.

3. Weka kikaango kwenye moto wa wastani mpaka kipate moto vizuri, kisha tia mafuta. Kung'uta viungo vilivyozidi kwenye kuku na umkaushe kidogo. Kuku mwenye maji hachomeki, huchemka. Panga vipande bila kuvibananisha, kwa mafungu mawili. Acha dakika 4 mpaka 5 bila kugusa, geuza, acha tena muda kama huo. Nyama ikiwa tayari kugeuzwa itaachia yenyewe. Iweke pembeni kwenye sahani. Hapa kuku bado hajaiva, asionjwe.

4. Kikaango kile kile, usikioshe. Punguza moto, tia vitunguu na maji vijiko viwili. Kwa mwiko wa mti, kwangua ule ukoko ulioganda chini. Huo ukoko ndio utamu wenyewe wa chakula hiki, na haukukugharimu chumvi wala mafuta. Kaanga vitunguu mpaka vilainike na kugeuka rangi, dakika 8 hivi. Vikianza kushika chini, ongeza maji kijiko kimoja badala ya mafuta.

5. Tia thomu na tangawizi iliyobaki pamoja na mdalasini, koroga dakika moja. Tia tungule, pika mpaka maji yake yakauke na zianze kung'aa, dakika 7 mpaka 10. Usiharakishe hatua hii, kwani tungule mbichi hufanya mchuzi kuwa mkali na mpishi hujikuta akiongeza chumvi au sukari kuufunika.

6. Tia maji ya ukwaju, chumvi iliyobaki, pilipili boga na pilipili nzima. Rudisha kuku pamoja na maji yote yaliyotoka kwenye sahani. Ile sahani ipeleke ikaoshwe hapo hapo. Funika, pika kwa moto mdogo dakika 25 mpaka 30, ukigeuza vipande mara moja katikati. Ikibidi ongeza maji ya moto robo kikombe.

7. Fungua mfuniko, acha dakika 5 rojo lizidi kuwa zito na kushika kwenye vipande. Epua, tia kotmiri na kamulia ndimu ya pili.

Kama kuku wako ni wa kienyeji, hasa jogoo aliyekomaa, mchemshe kwanza kwa maji kidogo na tangawizi kwa dakika 45 mpaka saa moja, kisha umpake viungo na ufuate hatua zilizobaki. Supu yake itie kwenye rojo pahala pa maji. Iache ipoe kidogo na uenguwe mafuta yanayoelea juu.

UTAJUAJE KUWA AMEIVA?

Usiamini rangi ya nje. Choma kisu kwenye sehemu nene ya paja, karibu na mfupa. Maji yatakayotoka yawe meupe, yasiwe na wekundu, na nyama iachane na mfupa bila ugomvi. Mwenye kipimajoto cha jikoni akiingize hapo hapo bila kugusa mfupa. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kifike angalau nyuzi joto 70 ndani, na kwa kuku wataalamu wengi huenda mpaka 74 ili kuwa na uhakika.

KWA NINI MGONJWA ATALIPENDA

Ulimi wa mtu unapokosa chumvi hutafuta kitu kingine cha kuushitua. Ukali wa ukwaju na ndimu huifanya kazi hiyo. Vitunguu vilivyokaangwa polepole huleta utamu wa asili. Ukoko wa kikaangoni huleta ule uzito wa ladha ambao watu huutafuta kwenye kidonge cha supu. Thomu, binzari na mdalasini huleta harufu, na harufu ni nusu ya ladha. Sisi watu wa Zanzibar, tuliozaliwa kati ya mikarafuu na mihiliki, hatuna udhuru wa kusema chakula bila chumvi nyingi hakina ladha.

Hata hivyo, tutahadhari. Viungo ni chakula, si mbadala wa dawa. Asije mtu akaacha vidonge vyake vya presha au kisukari kwa sababu amekula manjano na thomu. Na zile chumvi mbadala zenye potasiamu, mgonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha, asizitumie kabla hajamuuliza daktari wake.

Mpishi naye apewe nasaha moja. Usipunguze chumvi yote kwa siku moja. Ikiwa ulizoea vijiko viwili, wiki hii tia kimoja na nusu, wiki ijayo kimoja, kisha robo tatu. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Na kopo la chumvi lisikae mezani.

KWENYE SINIA

Kula pamoja kwenye sinia moja ni jambo la baraka, lakini mwenye kisukari huwa hajui amekula wali kiasi gani. Basi mpangie upande wake: nusu yake iwe mboga, kama mchicha, matembele au kachumbari, robo iwe wali au mkate, na robo ya mwisho kuku na rojo lake. Rojo hili halina nazi, kwa hiyo linafaa pia kwa wali mweupe wa kawaida. Ukipika wali wa nazi, tumia tui jepesi, na usiutie chumvi nyingi ukasahau kuwa rojo nalo linayo.

Mboga za kachumbari zioshwe moja moja kwa maji safi na salama. Tusisahau mlipuko wa kipindupindu wa 2015 na 2016, uliofika Unguja na Pemba. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Na kunawa kabla ya kula kuwe kwa sabuni, kwa maji yanayomiminwa kutoka kwenye birika. Kuchovya mikono ya watu sita kwenye bakuli moja la maji ni kugawana uchafu.

Na tule kwa kiasi. Suratul-A'raf, aya ya 31, imetukataza israfu katika kula na kunywa, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba, ikiwa hapana budi, theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Daktari wa kisukari hana la kuongeza hapo.

KIPORO

Chakula kilichobaki kisikae juu ya jiko usiku kucha. Ndani ya saa 2 kitie kwenye chombo kipana na kifupi ili kipoe haraka, kifunike na kiingie kwenye friji. Kikae siku 3, au 4 kwa wingi. Ukikipasha moto, kitokote mpaka kitoe mvuke kila mahali, na upashe kiasi utakachokula tu. Kupasha moto mara tatu, kupoza mara tatu, ndiko kunakozalisha maradhi. Asiye na friji apike kiasi cha kumalizika, au ampelekee jirani usiku huo huo.

Na hapo ndipo tunapomalizia. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr kwamba anapopika mchuzi auongeze maji na awakumbuke majirani zake. Huenda jirani yako wa ukuta wa pili ni mzee aliyeambiwa apunguze chumvi, na amechoka na kuku mweupe wa kuchemsha. Mtilie bakuli moja la rojo hili. Kisha, siku ya pili, mfundishe wa nyumbani kwake namna ya kulipika.

Ndugu msomaji, jaribu chakula hiki wiki hii. Pika chungu kimoja, waite wote, muweke baba mbele ya sinia pamoja na watoto wake. Akila akashiba na asiulizie kopo la chumvi, jua kuwa somo limefahamika. Inshaallah tukutane katika safu ijayo.

Wabillahi tawfiq.